Matairi ya Vichentie

Kila mwaka majani yalipoanza kupukutika, Vichentie alishughulikia matairi ya gari kama wazazi wengine wanavyoshughulikia posa ya binti. Alizunguka, akauliza, akakunja uso, akabonyeza mpira kwa ukucha, akarudi nyumbani mikono mitupu, na kesho yake akaenda tena. Mkewe, Zenovia, alikuwa akimcheka.

"Mimi uliniona kwenye harusi ya binamu yako, ukanichumbia wiki ileile," alimwambia. "Tairi unalichunguza mwezi mzima!"

"Wewe nilijua hutateleza," Vichentie alijibu.

Kwa hiyo Zenovia hakujua lolote kuhusu matairi, wala hakuwahi kuhitaji kujua. Kigari chao chekundu alikiendesha mpaka dukani na kanisani basi, na baridi ilipoingia alikikuta kimeshavalishwa matairi ya theluji.

Mwaka huo, theluji ilipoyeyuka, Vichentie aliyatupa matairi ya theluji ya zamani yaliyokuwa yamebaki vipara. Akasema safari hii atanunua mapya pamoja na ringi zake, asihangaike tena kuvua na kuvalisha kila msimu. "Nimeshajua nitakachochukua," alisema, na mkewe hakuuliza. Mwezi wa saba, akiwa mlimani anafyeka majani ya ng'ombe, akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yote yakamtoka isipokuwa moja: Alhamisi. Kwa nini Alhamisi, hata madaktari hawakujua. Chai ilikuwa Alhamisi. Funga mlango ilikuwa Alhamisi. Hasira, shukrani, maumivu, yote Alhamisi, na Zenovia akajifunza kusikiliza sauti badala ya neno.

Kisha theluji ikaanguka mapema, watu wengine hawajamaliza kuvuna viazi. Kesho yake Vichentie alitakiwa kuwa Câmpulung, upande wa pili wa mlima, kwa binti aliyekuwa akimfundisha kusema upya. Akikosa zamu hiyo, nafasi yake ya kila wiki ingepewa mwingine, naye angesubiri mpaka Krismasi ipite. Na mlima huo, Mestecăniș, hauvukwi kwa matairi ya kiangazi. Polisi watakurudisha, na wasipokurudisha polisi, mlima wenyewe utakurudisha.

Zenovia akampakia mumewe, akamfunga mkanda, akaendesha kwa mwendo wa jeneza mpaka kwa Emilian, fundi wa matairi karibu na reli. Nusu ya mji ilikuwa imeamka na wazo hilohilo.

"Karibu, mama," Emilian alisema zamu ya Zenovia ilipofika. "Saizi gani?"

"Ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Si unaliona gari lenyewe!"

Watu kwenye foleni wakacheka, si kwa ubaya. Emilian akachuchumaa kwenye gurudumu, akasoma, akainuka.

"Hili linakubali saizi mbili. Kuna nyembamba, na ringi za chuma. Kuna pana kidogo, na ringi za aloi, zile za kung'aa. Unachukua zipi?"

"Zipi nzuri?"

"Zote nzuri."

"Za kuvukia Mestecăniș?"

Emilian akajipangusa mikono kwenye ovaroli. "Mama, nikikuambia hizi, halafu ukaingia korongoni, watu watasema ni Emilian. Chagua mwenyewe."

"Chukua nyembamba!" alidakia mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya. "Inaikata theluji kama kisu mpaka inaikuta lami."

"Usimsikilize huyo," akasema mama aliyekuwa nyuma yake. "Mwaka jana tulimvuta mtaroni akiwa na hizohizo nyembamba. Pana ndiyo inayokamata."

"Mtaroni niliingia kwa sababu ya mbwa!"

"Mbwa wa kwenye chupa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Zenovia hakucheka. Alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, na kila aliyefungua mdomo alimwona anasema kweli. Mwishowe akashika tairi moja kwa mikono miwili, akalibiringisha mpaka kwenye mlango wa gari, akarudi kuchukua la pili, akaufungua mlango.

"Vichentie, baba, nisaidie. Hili?"

Mumewe akaitikia kwa kichwa.

"Au hili?"

Akaitikia tena.

"Kwa hiyo lile silo?"

Akaitikia. Ndiyo na hapana navyo vilikuwa vimechanganyika kichwani mwake tangu siku ile ya mlimani. Lakini mkono wa kushoto haukuwa umesahau. Uliingia kwenye mifereji ya tairi, ukabonyeza kwa ukucha, ukapapasa ukingo wa ringi, ukazunguka, ukasimama. Macho yake yakapata uhai ambao Zenovia hakuwa ameuona tangu kiangazi.

"Alhamisi," alisema. Akaonyesha kidole mahali fulani, katikati ya gurudumu na nje ya karakana. "Alhamisi! Alhamisi!"

"Anataka aloi," alisema mama wa kwenye foleni.

"Anataka upepo upimwe."

"Jamani, labda amebanwa, apelekwe chooni."

Kila neno lililotupwa Vichentie alilisukuma kwa mkono, kama mtu anayefukuza nyigu. Akazungusha kiganja hewani, akakikunja, akakifungua, akamtazama mkewe usoni akingoja. Zenovia alijua ngumi hiyo, alijua kila mshipa wake, lakini hakujua inasema nini.

"Sijaelewa, baba. Nionyeshe tena."

Akaonyesha tena. Hakuelewa. Akaonyesha mara nyingine, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, na hapo ndipo sauti yake ikakatika na machozi yakamtoka. Watu wakaacha kucheka. Yule mzee akavua kofia yake bila kujua kwa nini, akaivaa tena.

"Mama," Emilian akasema kwa sauti ya chini, "pole sana. Lakini foleni ni ndefu."

"Weka nyembamba," Zenovia alisema. Hakuwa na sababu. Ndizo zilizokuwa karibu na mkono wake.

Gari lilipopandishwa kwenye jeki, yeye na mumewe walikaa kwenye benchi la ukutani. Alimshika mkono uliolala, kwa sababu ule mzima Vichentie aliuondoa.

Asubuhi iliyofuata wakaupanda mlima. Theluji ilikuwa inakuja kiubavu, lori moja limelala pembeni na dereva wake amesimama anavuta sigara. Kigari kikapanda. Hakikuteleza hata kidogo, na Zenovia alikuwa karibu kuanza kupumua, walipoanza kuteremka na kitu kikagonga kwenye gurudumu la mbele. Du. Du. Du.

"Alhamisi!" Vichentie akapiga dashibodi.

Zenovia akasimamisha gari, akashuka. Ndicho alichokuwa akiniambia, aliwaza, na mimi sikumsikia. Akapiga magoti kwenye theluji na spana mkononi, akajaribu nati moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekaza. Akachungulia ndani. Ni pande la theluji tu lililoganda juu ya gurudumu. Akalipiga teke likaanguka. Aliporudi kwenye kiti, akiwa amelowa mpaka magotini, mumewe alikuwa bado anazungusha kile kiganja hewani.

Huko Câmpulung, Zenovia alimweleza yote yule mwalimu wa kusema, binti aliyeitwa Ilinca. "Muulize, mwanangu. Wewe ndiye unayejua njia. Alikuwa ameshachagua, nami sijui alichagua nini."

Ilinca akamwekea Vichentie karatasi na penseli, akachora gurudumu, akamsogezea. Vichentie akashika penseli kwa mkono wa kushoto. Akachora duara ndani ya lile duara, polepole, limepinda. Akaanza mstari mwingine. Zenovia aliinama hata nywele zake zikaigusa karatasi. Penseli ikasimama. Vichentie akaitazama karatasi muda mrefu, akamtazama Ilinca, akaitazama tena, na usoni pake kukawa na kitu kibaya zaidi ya yale machozi ya jana. Hakuwa akijua tena. Akailaza penseli mezani, taratibu, isitoe sauti.

"Tutajaribu tena wiki ijayo, Mzee Vichentie," Ilinca alisema.

"Alhamisi," alijibu, kwa adabu.

Wakati wa kurudi walikuta gari la kusafisha theluji limetangulia mlimani, likitambaa, limejaza barabara nzima. Vichentie alikuwa amelala, kichwa kikigonga kioo kidogokidogo. Nyuma yao magari yalikuwa yamefuatana, mengine yakipiga honi. Zenovia aliyaacha yapige. Hakuona lolote mbele ila taa ya njano inayozunguka, akaifuata.