Taulo Nne za Diani

Simu kutoka pwani ilimkuta Wamucii dukani kwake River Road, pini tatu mdomoni na sketi ya shule mkononi. Yeye hushona na kuuza sare za shule, na Jumamosi asubuhi ndipo duka linapojaa wazazi pomoni. Alizitema pini kwenye kiganja, akapokea.

"Shikamoo mama. Naitwa Sadiq, ni msimamizi wa vyumba katika ile hoteli mliyofikia Diani wiki iliyopita. Uniwie radhi kwa kukusumbua."

Alizungumza taratibu, Kiswahili kimenyooka hata Wamucii akaona haya kujibu kwa kile chake cha mjini. Taulo nne za buluu, zile kubwa za kujifutia ufuoni, hazikuonekana baada ya kikundi chao kuondoka. Meneja alikuwa ameshakata shauri kwamba Nthiwa, mama aliyesafisha vyumba vyao, ameziuza nje. Saa kumi jioni ya siku hiyo hiyo angepewa barua ya kufukuzwa kazi.

"Simtuhumu mgeni hata mmoja, mama," Sadiq alisema. "Ila huenda kuna aliyezikunja pamoja na nguo zake kwa kusahau. Akitamka tu, huyu mwenzetu atanusurika. Nambari yako ndiyo niliyoikuta kwenye fomu."

"Nipe mpaka saa kumi," Wamucii alimjibu.

Nthiwa alimjua, tena vizuri. Siku yao ya pili kule hotelini, kamba wa baharini wa kwenye bafe walimgeuka Wamucii tumboni. Alitapika kitandani, akatapika sakafuni, na kidogo kikaruka mpaka ukutani. Wenzake saba wa chama chao cha akina mama walikuja mlangoni, wakaziba pua, wakampa pole kutoka kizingitini, wakaenda zao kuogelea. Aliyeingia ni Nthiwa, mwanamke wa makamo kama yeye. Alivua mashuka, akapiga deki, akamwosha uso, na jioni akarudi na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, ameupika kwake alikopanga. "Kunywa mama," alimwambia. "Vile vyakula vya huko chini vingine vimelala."

Na habari za taulo alizijua pia, hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Asubuhi ya kuondoka alimwona Carolyne amelikalia sanduku lake ili zipu ifunge, na pembe ya kitambaa cha buluu inachungulia. Debra, mwenyekiti wao, akasema, "Wacha zibebwe, si tumelipia kila kitu?" Wakaangua kicheko. Wamucii alicheka nao. Alipokumbuka kicheko hicho hapo dukani, mbele ya mzazi anayengoja sketi, alijichukia.

Kwa bahati, chama kilikuwa na mkutano saa nane siku hiyo hiyo, nyumbani kwa Debra huko Kinoo. Kiliitwa Wendani, na kilikuwa cha wanawake wanane waliojuana tangu walipokuwa wakipeleka watoto kliniki. Wamucii ndiye katibu. Alifunga duka mapema akaenda.

Debra huishi juu kabisa ya gorofa yake mwenyewe, wapangaji wamejaa chini. Wamucii alipofika aliomba kwenda kunawa. Bafuni, kwenye msumari nyuma ya mlango, palikuwa pametundikwa taulo kubwa la buluu. Hoteli ile hutia alama ya kasa kwenye pembe, kwa uzi mweupe. Kasa wa taulo hili alikuwa nusu. Mtu alikuwa ameanza kumfumua kwa wembe, kichwa na miguu miwili imeondoka, nyuzi zimening'inia. Pembeni palikuwa na nywele zilizonasa na doa la dawa ya kupaka nywele. Wamucii alijifutia mikono kwenye sketi yake, akarudi sebuleni akiwa amekunja uso.

Huko walikuwa wameshaanza kula. Kulikuwa na mukimo, kuku wa kukaanga na chapati, na wanawake wale hawahitaji kusukumwa.

"Haya," Debra alisema, akilamba mafuta kwenye kidole gumba. "Kabla hatujabuk ile hoteli tena Desemba, tuseme ukweli. Faida na hasara. Katibu, andika."

Wamucii alifungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja faida, upande wa pili hasara.

Faida zilimiminika. Siku nne bila kuosha hata kikombe. Kuitwa madam na vijana waliovaa glavu nyeupe. Bahari pale pale mlangoni. Mama Norman alisema kwake faida kubwa ni chakula, maana unajipakulia na "hakuna mtu anakuhesabia." Kule hotelini Mama Norman alikuwa akijenga mlima wa nyama kwenye sahani, anaonja vipande viwili, anausukuma kando, kisha anakwenda kujenga mwingine. Wamucii aliikumbuka ile milima imeachwa mezani, mchuzi umegandia, nzi wanatembea juu yake.

"Hasara ni chai," alisema Carolyne. "Wanakuletea maji moto na maziwa kando, kidogo, kama ya paka. Hiyo ni chai kweli?"

Hilo lilizua mjadala mrefu kuliko yote. Baada ya chai zikafuata nyingine: mchanga uliowafuata mpaka kitandani, mashuka yaliyonata kwa unyevu, tumbiri aliyempokonya Mama Norman mkate, na wazee wa Kizungu waliojianika kwenye viti na vichupi vyao, matumbo yameiva mekundu.

"Na kutapika kwa Wamucii!" mmoja akaongeza. "Hiyo harufu ilitufuata mpaka corridor."

Wakacheka mpaka Debra akapaliwa. Wamucii aliandika: kutapika. Aliangalia saa ya ukutani, ikamwonyesha saa tisa na nusu.

"Kuna jambo lingine," alisema, akaiweka kalamu chini. Akawaeleza yote, taulo nne, Nthiwa, meneja na barua ya saa kumi. "Sitaki kujua ni nani. Mwenye nayo aniletee tu dukani Jumatatu, nitazituma kwa basi. Saa hii mnikubalie nimpigie Sadiq nimwambie tulizibeba kwa makosa. Mama wa watu asipoteze kazi juu yetu."

Carolyne aliushika mguu wa kuku akaanza kuukagua kwa makini, kama anayetafuta mfupa uliopotea.

"Sisi?" Debra aliuliza. "Sisi tunakaa watu wa kuiba taulo? Mimi, na hii gorofa?"

"Sijasema kuiba."

"Huyo mwanamke ameziuza. Hao watu wa kusafisha wako hivyo. Sasa anatafuta wajinga wa Nairobi wa kubebeshwa mzigo."

"Ndiye alinifulia matapishi, Debra. Nyinyi mlikuwa kwa maji."

"Si ndio kazi analipwa?" Mama Norman akauliza.

"Na uandike," Carolyne alisema, macho hayajatoka kwenye kuku. "Kwa upande ya hasara. Andika wafanyakazi si waaminifu."

Vichwa vikatikisika kukubali. Mama Norman akasema hiyo ndiyo point kubwa ya leo.

Kinyaa kilichompanda Wamucii hapo hakikuwa kidogo. Aliwatazama mmoja mmoja, midomo inang'aa mafuta, vidole vinachokonoa meno. Hawa ndio waliolala kwake siku tano alipofiwa na mume. Hawa ndio aliowashonea watoto wao sare bila kuwauliza kitu walipokwama. Na sasa mtu mzima mwenye watoto alikuwa anatupwa nje kwa ajili ya kitambaa cha kujifutia makalio, nao wanataka iandikwe kuwa hasara yao.

Angeweza kusimama, akaling'oe lile taulo la bafuni, akalibwage katikati ya mukimo. Lakini aliwajua. Debra angesema alilinunua kwenye mitumba ya Gikomba, Carolyne angeapa kwamba walikwenda pamoja, wangetupiana maneno mpaka magharibi, na huko Diani barua ingekuwa imeshatolewa.

"Katibu, andika barua," Debra aliamuru. "Sema Wendani hawakubeba kitu yoyote ya hoteli. Weka sahihi yako, mimi nitaweka yangu chini."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Wamucii alichukua simu badala ya kalamu, akapiga, akafungua spika, akaiweka mezani kati ya sahani.

"Sadiq? Ni Wamucii wa Nairobi. Hizo taulo nilizibeba mimi."

Sadiq alishtuka. "Wewe, mama? Zote nne?"

"Zote nne."

"Mama, si wewe uliyekuwa mgonjwa kitandani siku zote zile?" Sadiq aliuliza kwa sauti ya chini. "Una hakika na unalolisema?"

"Nina hakika. Nthiwa hana kosa. Mwambie meneja."

Walisikia Sadiq akizungumza na mtu, kisha akarudi. "Yupo hapa, amekusikia mwenyewe. Asema uziregeshe ndani ya wiki moja na uandike barua kwa mkono wako, utie na sahihi. Barua ya Nthiwa ameichana. Kesho yuko kazini, mama. Mungu akulipe."

Simu ikakatika. Nyuso saba zililegea kwa pamoja, na Carolyne hatimaye akaung'ata ule mguu wa kuku.

"Haya, mmesikia," Wamucii alisema. Alijiona mwepesi kidogo. Nthiwa amenusurika, hilo limekwisha. "Nipeni sasa nizipeleke. Debra, la kwako usisumbuke kumalizia kufumua huyo kasa, nipe hivyo lilivyo."

Debra alimtazama kwa huruma, huruma ile ile anayowaonyesha wapangaji siku anapowafungia mlango.

"Tukupe nini, Wamucii?" alisema. "Si umesema ni wewe uko nazo? Sisi wote tumesikia. Hata huko Diani wamesikia."

Wamucii alidhani ni utani. Alimgeukia Mama Norman, akamkuta anatikisa kichwa.

"Woiye," Mama Norman alisema. "Na vile tulikuwa tunakuamini."

Hakuna aliyecheka. Kilichomtisha ni kwamba hawakuwa wakiigiza. Kwa muda ule mfupi wa simu walikuwa wameshaamini, mioyo yao imetulia kabisa, mwizi amepatikana na si wao. Debra akasema chama hakiwezi kuwa na katibu wa namna hiyo, angalau mpaka mambo yapoe. Wote wakaafiki. Daftari likachukuliwa mapajani mwake, akapewa Carolyne, ambaye alijipangusa mafuta kwenye gauni, akaufungua ukurasa na kuuliza hasara zilifika ngapi. Likapitishwa pia kwamba Desemba wanarudi Diani, hoteli ile ile, watu saba.

"Tusiachane na uchungu," Debra alisema, akainuka. "Tuombe."

Wakasimama, wakashikana mikono. Mkono wa Debra ulikuwa wa vuguvugu na unateleza.

"Baba," Debra aliomba, sauti imelainika, "tunamweka mbele yako dada yetu Wamucii. Wewe unajua mkono wake umekuwa mrefu. Msamehe. Mfundishe kutosheka na chake. Na hiyo aibu ametuletea, usituhesabie sisi."

"Amina!" wakaitikia, Carolyne kwa sauti kuwashinda wote.

Wamucii alikuwa amefumba macho pamoja nao. Miaka kumi na tisa ya kufumba macho na wanawake wale ilimtoka mdomoni kabla hajaizuia. "Amina," alisema naye. Alilisikia neno likitoka, na kinyaa chote alichokuwa amewawekea wao kikamgeukia yeye mwenyewe.