Jibu Linalojituma Lenyewe

Fundi mpya, binti mdogo, alikuwa chini ya meza, inaonekana miguu tu, akaniuliza: "Mama, hiki kitambaa kafunga nani huku?"

Nikainama na kiuno changu kibovu. Nyuma ya kompyuta ya mwalimu wa hesabu nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kipande cha gauni la bluu lenye maua meupe. Gauni lile nililivaa mpaka likapauka, nikaligeuza tambara, na mume wangu akaniomba. "Tambara la mke wangu halikatiki," aliwaambia walimu, wakamcheka. Basi kompyuta zote za shule ile zilikuwa zimevaa gauni langu kwa nyuma.

"Ni fundi wa zamani," nikamjibu.

"Alijua kufunga."

"Alijua."

Yeye hakujua kama fundi huyo alikuwa mume wangu. Kwake nilikuwa mama wa usafi mwenye funguo, niliyeambiwa nimfungulie vyumba wakati wa likizo. Shule ilikuwa imenunua seva mpya, ile mashine kubwa inayopokea na kugawa barua pepe za wote, na ya zamani ingezimwa kabla shule haijafunguliwa. Ikabidi binti yule apite kompyuta moja baada ya nyingine. Anafungua programu ya barua, anafuta jina la seva ya zamani, anaandika la mpya mahali pa kupokea na mahali pa kutuma, anaweka alama kwenye kisanduku ili nakala ibaki kwenye seva, anajitumia barua ya majaribio, anasubiri ilie. Ikilia, tunahama. Mimi namshikia kurunzi, nafuta vumbi, nafunga mlango.

Walimu walikuwa wamemwachia maneno yao ya siri. Mwalimu wa nidhamu, anayewasimamisha watoto juani kwa uzembe, neno lake lilikuwa moja mbili tatu nne. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kinachoishia kooni.

Tulipofika ofisi ya walimu akainamia kioo. "Kuna sanduku moja la barua silielewi. Mwenyewe amekufa, lakini bado anajibu watu."

"Anajibuje?" nikauliza, ingawa nilijua.

Akasoma: "'Sipo kwa sasa. Nikirudi nitakujibu. Msizime kompyuta kwa kuchomoa waya.'" Akaanza kutabasamu, akaniona uso, tabasamu likamfia mdomoni. "Mama, samahani. Ni nani wako?"

Maneno yale niliyajua kwa sababu niliyaandika mimi. Mume wangu alikuwa kwenye kitanda cha hospitali, mkono mmoja una sindano ya maji, mwingine hauna nguvu, kompyuta ndogo iko tumboni mwake inapanda na kushuka anavyopumua. Alikuwa akihangaika na walimu: nani atawasaidia, nani atawaambia. Akatamka, nikaandika kwa kidole kimoja, natafuta herufi kama mtu anayechambua mchele.

"Andika, nikirudi nitakujibu."

"Tuandike Mungu akipenda."

"Mama watoto, kompyuta haina dini. Andika nikirudi."

Nikaandika nikirudi. Hakurudi.

Baada ya mazishi maneno yale yakaendelea kufanya kazi. Mwalimu akisahau, akamwandikia kwamba mashine imegoma, jibu linakuja hapo hapo. Karani wa shule aliniambia, "Shemeji bado yuko zamu," akidhani ananifariji. Neno hilo liliniuma kama mwiba ulioingia mguuni na mtu hana budi kutembea. Ahadi ni deni, na maiti hana mkono wa kulipa. Kila siku mtu mwema aliyelala alikuwa anasemeshwa uongo, na uongo wenyewe umepita kwenye kidole changu. Nilimwombea kila alfajiri apumzike, na kila asubuhi seva inamwamsha.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesema familia ndiyo iamue kama sanduku lake lihamishwe au lifungwe.

"Lifunge," nikamwambia binti.

Hakubonyeza. "Kabla sijafunga, mama. Kuna mtu anamwandikia karibu kila siku ya shule. Anatumia chumba cha kompyuta cha wanafunzi." Akateremsha macho, akasoma kichwa cha barua ya juu kabisa. "'Baba, mama amechoka sana...'"

Nikaweka kiganja juu ya kioo. "Usisome. Hiyo ni ya mtu na babake."

Alikuwa kitindamimba wangu. Nyumbani, tangu tumzike babake, alikuwa mtoto wa kuitika na kutumwa. Ndiyo mama, hapana mama, nimeshaosha mama. Nilimshukuru Mungu kwa kumpa moyo wa subira. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake na maneno mengi kuliko redio, na bado nikimtazama natafuta ule ukimya ambao sikuusikia.

Jioni ile nilimkuta akichagua maharage. Nikakaa kwenye kigoda, miguu imevimba, nikamwambia moja kwa moja, maana kuzunguka ni kazi nyingine. "Fundi anazima barua za baba."

Mikono ikasimama. "Nani kamwambia azime?"

"Mimi."

Hakulia. Heri angelia. "Mama, wewe unaongea na Mungu kila siku. Anakujibu?"

"Ananijibu."

"Kwa maneno?"

Nimesali maisha yangu yote, na swali lile sikuwahi kuulizwa na mtu wa dini wala asiye na dini.

"Basi mimi nilikuwa na yangu," akasema, "yenye maneno."

"Maneno yale niliandika mimi, mwanangu. Babako hakuweza kushika. Ni kidole hiki hapa."

Akakitazama kidole changu, kimechubuka kwa sabuni, kucha imepasuka. Kisha akarudia maharage yake, akawa anatupa mazima pamoja na mabovu.

Kesho yake nilimuuliza fundi: tukifunga, anayeandika ataambiwa nini?

"Mashine itamwambia anwani hii haipo."

"Mtoto asiambiwe hivyo na mashine."

Akafikiri, akiuma kalamu. Halafu akaniuliza kama nina anwani yangu. Nikamcheka. Anwani ya mama wa usafi, ya kuandikiwa na nani, mafagio? Yeye hakucheka. Alinifungulia sanduku kwenye kompyuta kuukuu ya kona, ile ambayo walimu hawaigusi, akapanga barua za anwani ya marehemu zije kwangu. Neno la siri nilimnong'oneza sikioni.

"Na jibu la kujituma nikuwekee lipi?"

"Lisijitume lenyewe. Hata kidogo."

Kabla ya kuondoka aliingia chini ya meza, akazifunga nyaya kwa kile kitambaa cha bluu.

Shule ikafunguliwa. Kila nilipomaliza kupiga deki nilikaa pale kwenye kona, mikono inanuka dawa ya sakafu, nikafungua. Zilikuja za walimu: printa inatafuna karatasi, kipanya hakitembei. Nikawaelekeza kwa fundi wao. Ya mwanangu haikuja. Nyumbani aliitika na kutumwa. Wiki zikapita hivyo, na katika sala nilifika mahali nikawa sina tena la kuomba. Nikawa napiga magoti tu, nanyamaza.

Siku moja ya mvua, matope ya watoto yamejaa korido nzima, nilikaa bila kutegemea kitu, ili tu kupumzisha kiuno. Ilikuwepo. Ameituma kwa anwani ya babake. Kichwa hakina neno. Ndani, neno moja:

"Upo?"

Nilijifuta vidole kwenye aproni. Herufi ya kwanza nikaipata upesi. Ya pili ilijificha, nikaipata. Nikaandika: "Nipo. Nisubiri getini, twende wote."

Nikasoma tena kama kuna uongo ndani yake. Nikabonyeza, nikachukua ndoo yangu.