Msomaji wa Sabrina

Haya alinieleza mjukuu wangu Anyesi mwenyewe, mwaka jana mwezi wa sita, alipokuja Handali kunisaidia kupura uwele. Alianza asubuhi, akanyamaza, akaja kuendelea kesho yake tukiwa tunapepeta. Sikumharakisha. Nilijua ningemharakisha angeruka pale panapomuuma.

Anyesi anasoma chuo Dodoma mjini, shahada ya pili, mambo ya maji yaliyo chini ya ardhi. Amepanga Ng'ong'ona, chumba kimoja na mwenzake anayeitwa Sabrina, Mrangi wa Kondoa. Wanasoma kitu kimoja, mwalimu wao mmoja, Daktari Castory, na wanapika sufuria moja. Sabrina akiona mlenda anasema, "Haya, Mgogo, leo tena tunakula gundi," halafu anakula kuliko mwenye mlenda.

Tangu mwaka wa kwanza Anyesi alikuwa na alama za juu kuliko Sabrina. Si kwa mbali, lakini za juu. Na tangu mwaka wa kwanza watu walimpenda Sabrina. Hilo ndilo lililomkaa kooni mjukuu wangu. Akisimama yeye kueleza kazi yake, walimu wanaandika. Akisimama Sabrina, walimu wanacheka, wanauliza maswali, wanamfuata mpaka mlangoni. Hata mama anayeuza chai pale chuoni hakulijua jina la Anyesi. Alikuwa anamwita "yule mwenzake Sabrina".

"Miaka miwili, bibi," aliniambia. "Miaka miwili mimi ni mwenzake mtu."

Basi ikatangazwa ile nafasi ya sera. Nilimuuliza ni kitu gani, akanieleza hivi. Kule Mtumba wizara zinaandika mipango ya maji, ya umeme, ya mashamba, na wengi wanaoiandika hawajawahi kupima kisima. Wanaopima visima nao hawajui mipango inaandikwaje. Kwa hiyo wanachukuliwa vijana waliosoma sayansi na uhandisi, wanakaa wizarani mwaka mzima wanajifunza kazi hiyo. Wenyewe wanaiita felo. Idara yao ilipewa nafasi moja. Walioomba walikuwa wawili, yeye na Sabrina.

Anyesi aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Si kwa ajili ya posho. Alitaka kukaa mahali ambapo Sabrina hayupo, aitwe kwa jina lake.

Masharti yalikuwa kila mmoja aandike waraka wa kurasa mbili, kama anamwandikia waziri asiye na muda. Na kabla ya kuutuma lazima mwanasayansi mwingine ausome, ajaze fomu kueleza makosa aliyoyaona, aweke sahihi yake. Ndivyo wanavyofanya kazi, aliniambia. Hakuna anayeaminiwa mpaka mwenzake amemsoma akimtafutia kosa. Daktari Castory akawaambia, "Nyie mko wawili, someaneni."

"Usinionee huruma," Sabrina akamwambia, akimtupia karatasi kitandani. "Nichane kabisa. Bora unichane wewe kuliko wale wa Mtumba."

"Nitakuchana," Anyesi akasema.

Waraka wa Sabrina ulihusu visima vya Busi, kijijini kwa baba yake mkubwa Abbasi. Alikuwa amepima visima sita kwa siku kumi, akalinganisha na vipimo vya fundi mmoja wa maji wa miaka minne nyuma. Akaandika kwamba maji yameshuka mita mbili, visima vinakufa, serikali iviache na fedha zote ziende kwenye bomba la kutoka mbali. Na aliandika vizuri. Anyesi alimwonea wivu hata kwa namna alivyoanza.

"Alianza na mama mmoja na ndoo yake, bibi. Mimi wa kwangu nilianza na maana ya maneno."

Kisha akafika kwenye jedwali la nyuma, ambako kila kipimo kimeandikiwa saa yake. Saa mbili asubuhi. Saa mbili asubuhi. Saa mbili na robo. Vipimo vya yule fundi wa zamani vilikuwa vya saa kumi na moja jioni.

Hapo akatulia. Huyu mtoto nimemlea mimi. Tangu ana miaka saba nilikuwa namwamsha alfajiri twende kisimani, maana ukifika saa mbili unakuta watu wameshachota wote, unakwangua tope. Rudi jioni, maji yamepanda tena mahali pake. Sabrina amekulia Kondoa mjini, kwenye bomba, na Busi alikuwa anakwenda likizo tu. Alivipima visima vikiwa vimetoka kuchotwa, akaandika kwamba vinakufa.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Anyesi. Sabrina alikuwa nje anafua huku anaimba. Anyesi akaandika kwenye fomu, "Nimesoma. Sina la kuongeza." Akaweka sahihi.

"Vipi?" Sabrina akauliza akiingia.

"Uko vizuri."

"Vizuri tu? Hujanichana hata kidogo?"

"Nimetafuta nikakosa."

Sabrina akamkumbatia, mikono yote povu. "Basi nimepona. Ukikosa wewe, nani atapata?"

Waraka wa Anyesi, ambao yeye aliuandika juu ya chumvi kwenye visima virefu, Sabrina aliusoma siku mbili. Alijaza fomu mbele na nyuma. Akamwonyesha pa kufupisha, akamwonyesha na hesabu moja iliyokuwa haikai sawa. Anyesi akarekebisha yote. Wala hakushukuru moyoni, alizidi kukasirika, kwamba hata kwa wema Sabrina anamzidi.

Nyaraka zikatumwa. Wiki ya usaili Sabrina akaenda Busi kwenye arobaini ya bibi yake, akakaa siku tatu. Alirudi siku moja kabla ya usaili, vumbi mpaka kwenye nyusi, akafungua kompyuta hata maji hajanywa. Anyesi hakumuuliza anafanya nini. Akadhani anajifunza kujibu maswali, na hilo nalo likamkera.

Asubuhi Sabrina hakuwa na koti safi. Anyesi alikuwa nayo mawili, akampa lile la zamani. "Likamkaa kuliko linavyonikaa mimi," aliniambia, na alikuwa bado amekunja uso analitaja.

Usaili ulifanyika Mtumba, kwenye ofisi moja ya ghorofa ya chini. Sabrina aliingia wa kwanza. Anyesi akabaki kwenye kiti nje ya mlango. Haikupita muda akasikia watu wanacheka ndani. Akajua ameshakosa. Kisha kicheko kikakatika, pakawa kimya, na kimya kile kikawa kirefu mno. Alipotoka Sabrina alikuwa anajifuta jasho.

"Imekuwaje?" Anyesi akauliza.

"Sijui. Nimewaambia waraka wangu una kosa."

"Kosa gani?"

Kabla hajajibiwa, wakamwita ndani.

Walikuwa wanaume wawili na mama mmoja mtu mzima, injinia Ruthu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Daktari Castory alikaa pembeni.

"Shikamooni."

"Marahaba. Karibu, Anyesi. Kaa."

Wakamuuliza juu ya chumvi na visima virefu. Akajibu vizuri, mwenyewe aliona wanaandika. Mwishoni Mama Ruthu akavuta karatasi moja kutoka chini ya nyingine.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Mwenzako ametuambia mwenyewe kwamba alipima saa ambayo si yake. Juzi alikuwa Busi, akawasikia wanawake wanakwenda kisimani kabla hakujapambazuka. Akashtuka. Akapima upya jioni, siku zote alizokaa, maji yapo palepale yalipokuwa miaka minne iliyopita. Ushauri wake ameufuta mbele yetu. Sasa wewe ndiye uliyemsoma, ukasema huna la kuongeza. Umekulia wapi?"

"Handali."

"Kwenye bomba?"

"Kwenye kisima, mama."

"Mlikuwa mnachota saa ngapi?"

"Alfajiri."

Mama Ruthu akamtazama. Daktari Castory akakohoa. "Lile jedwali liko nyuma kabisa, mama," akasema. "Mtu anaweza kupitwa."

Mlango wa kuponea ulikuwa umefunguliwa pale. Alichotakiwa kusema ni neno moja tu, nilipitwa. Mtu aliyepitwa anaonywa, na anaweza bado kupewa nafasi, alama zake zikitazamwa.

"Sikupitwa," Anyesi akasema. "Niliona siku ileile."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Nilikuwa naitaka nafasi."

Nilimkatiza hapo. Nikamuuliza kwa nini hakusema hakuona, maana hakuna aliyekuwa anajua. Nilidhani ataniambia habari za kumwogopa Mungu. Akaendelea kupepeta kidogo, halafu akasema, "Bibi, ningesema sikuona, wangejua Sabrina ameona kitu ambacho mimi nimeshindwa kukiona. Hilo sikuliweza. Bora wajue nina roho mbaya."

Nikamwacha aendelee.

Mama Ruthu alivua miwani. "Humu ndani wote tunataka nafasi," akasema. "Mimi mwenyewe naitaka ya mtu fulani ghorofa ya pili." Hakuna aliyecheka. "Lakini waraka kama huu ungepita, visima vizima vya kijiji kile vingeachwa vianguke. Ulilijua hilo?"

"Sikufika huko. Niliishia kwa Sabrina."

Mama akamrudishia ile fomu. "Hii haijajazwa. Kaijaze, umpe mwenyewe. Sisi hatuihitaji tena."

Saa nane Daktari Castory akatoka kuwaambia. Nafasi ilikuwa ya Sabrina. Kwa Anyesi alisema tu, "Mwakani waombaji watakuwa wengine, na mimi nitakuwepo," akaenda zake. Mpaka leo mjukuu wangu hajui kama lile lilikuwa neno la kumtia moyo au la kumtisha.

Walifika chumbani alasiri. Sabrina alikuwa ameshapigiwa simu na Kondoa nzima. Akaswali, akakunja mswala, akakaa kitandani.

"Wamekuuliza nini juu yangu? Njia nzima umefunga mdomo."

"Wameniuliza kama niliona zile saa zako."

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia niliona."

Sabrina akafikiri kwanza ni mzaha. "Uliona lini?"

"Ulipokuwa unafua."

"Halafu nikaja nikakukumbatia."

"Ndiyo."

"Na povu."

"Na povu."

Sabrina alitazama mikono yake kama povu lingali lipo. "Mimi nilikusoma siku mbili, Anyesi. Usiku mzima nililala masaa matatu tu kwa ajili ya ile hesabu yako."

"Najua. Na hilo lilinikera."

"Likukere la nini?" Sauti ikampanda, akaishusha. "Wewe unanichukia?"

"Sikuchukii. Nakuonea wivu."

"Wivu wa nini, na alama zote zile unazo wewe?"

"Wa yule mama wa chai."

"Mama wa chai ana nini?"

"Basi tu."

Sabrina akatikisa kichwa. "Leo usiniongeleshe. Nikikujibu sasa hivi nitasema kitu ambacho tutashindwa kukaa chumba kimoja mpaka mwezi uishe. Kesho nitajua nikwambie nini." Akavua ushungi, akageukia ukutani. Tangu Busi alikuwa hajalala sawasawa. Kabla Anyesi hajavua viatu, mwenzake alikuwa anakoroma, na jua bado liko dirishani.

"Hata usingizi ule niliuonea wivu," aliniambia. "Mtu ametoka kuambiwa jambo kama lile, analala."

Akakaa mezani, akaitandaza fomu. Akalifuta lile neno lake la kwanza kwa mstari mmoja, likabaki linasomeka. Chini yake akaandika habari ya saa mbili asubuhi, kwa nini ni saa mbaya, wanawake wanachota lini na maji yanarudi lini. Hilo lilikuwa rahisi, Sabrina alikuwa ameshalijua.

Kisha akausoma waraka upya, safari hii kama alivyoagizwa tangu mwanzo, kwa kutafuta. Akaona jambo lingine. Visima viwili kati ya vile sita viko kwenye korongo moja, hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Maji yake ni yale yale. Sabrina alikuwa amevihesabu viwili, na ilikuwa ni kama kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Hilo hakulisema mbele ya wale watu kwa sababu hakulijua. Wala Mama Ruthu hakuliona.

Kalamu ikasimama. Mwezi ujao Sabrina ataanza kazi Mtumba na waraka wake, akishaurekebisha, utakuwa wa kwanza kuwekwa mezani. Akienda na kosa lile, ipo siku mtu atalishika. Akienda bila kosa, atasifiwa tena, na nusu ya sifa hizo itakuwa imetoka kwenye kalamu ya Anyesi, na hakuna atakayemtaja.

"Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa," aliniambia.

"Halafu?"

"Halafu nikaliandika. Na mchoro nikauchora, korongo na visima vyake, asije akasema hakuelewa."

"Moyo ukatulia?"

"Haukutulia, bibi. Niliandika nikiwa nimekasirika hivyohivyo."

Akaijaza fomu mpaka nyuma. Akaweka sahihi mpya na tarehe, akaibana chini ya simu ya Sabrina ili aione akiamka. Sabrina akajigeuza, akang'ata ulimi kidogo kama anavyofanya siku zote, akaendelea kulala. Anyesi akasimama pale akimtazama mpaka miguu ikachoka. Kisha akavuta pazia kukinga jua, akajilaza kwenye kitanda chake na nguo zake za usaili, akawa anasikiliza mwenzake anavyopumua, akimwonea wivu, na usingizi ukamchukua naye.