Baba wa Ukutani

Printa niliinunua kwa sababu moja tu: nilichoka kumwona mwanangu akimkimbia baba yake, utadhani ameona jini.

Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Akiondoka, ameondoka. Akirudi, Kibonge, binti yetu aliyeanza juzi tu kutembea, anamtazama, anapiga yowe, anajificha kwenye gauni langu. Safari iliyopita yule baba wa watu, na ukubwa wake wote, alikaa jikoni akaniambia, "Mama Kibonge, mtoto hanijui." Jamani, roho iliniuma.

Basi nikatafuta printa ya bei poa, nikaiweka juu ya stuli sebuleni. Nikachapa picha za baba mtu na ndevu zake zote, nikazibandika ukutani chini kabisa, kwenye kimo cha Kibonge. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umembandika mwanangu kama mgombea! Anagombea nini?"

"Anagombea ubaba, mama."

Na kura zikaanza kuingia. Kila asubuhi Kibonge anaigusa picha: "Baba." Anailisha uji mpaka ndevu zinafutika, nami nachapa nyingine. Printa ikianza tu kukoroma, anaacha kila kitu anakuja kuchungulia.

Jumamosi mlango ukagongwa. Nikafungua. Mungu wangu! Kidevu kitupu, kinang'aa kama sahani.

"Ndevu ziko wapi, wewe mwanaume?"

"Nimepitia kinyozi. Sijapendeza?"

Kibonge akamtazama, akatazama ukuta, akaangua kilio. Nilitaka kumrudisha kwenye lori lake asubiri ziote. Lakini uso ulimshuka, akajikalisha sakafuni karibu na stuli, begi bado liko begani, na hasira zikaniisha.

"Tulia hapo hapo. Tabasamu."

"Sasa hivi?"

"Tabasamu, nimesema!"

Nikampiga picha kwa simu, nikaituma kwenye printa. Ikakoroma. Kibonge akanyamaza, akaja mbiombio, akasimama katikati ya miguu ya baba yake bila hata kumwangalia. Macho yote kwenye karatasi. Likatoka paji la uso, yakatoka macho, pua, kidevu kitupu. Kabla sijamkataza akaichomoa, wino haujakauka, akageuka, akambandika nayo baba yake usoni. Pa!

Mume wangu hakuthubutu kutikisika.

Kibonge akaifunua kidogo, akachungulia. Akaifunika. Akaifunua tena, akakuta uso ule ule, sasa una wino puani. Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa tumbo.

"Baba," akasema, akampanda mapajani.

Mama mkwe alisema kitu, sikumsikia. Dereva wangu alikuwa analia, machozi na wino vinashuka pamoja.

"Futa uso," nikamwambia, "mtoto asije akashindwa kukujua tena."

Hakufuta. Mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto.