Mke wa Jaribio la Arobaini na Moja

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, Muthoki alibonyeza kitufe cha kuendesha jaribio la arobaini na moja, na mwanamke mmoja akawa ameketi kwenye benchi karibu na mtungi wa maji. Hakuingia kwa mlango. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vumbi la malori ya simiti, na aliyetaka kuufungua ilibidi aupige teke pale chini unapokwama. Mwanamke alikuwa amejifunga leso ya kahawia, miguuni ana akala za tairi, na mikono ameilaza mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Ouma, aliyekaa meza ya pili, aliinua macho akamtazama, kisha akamuuliza kama chai yake huwekwa sukari.

"Nimekubali," akasema mwanamke.

Ouma akamwekea vijiko viwili.

Ofisi yenyewe ilikuwa orofani, juu ya duka la mabati na misumari, hapo Kitengela. Mwenyewe ni Ngigi, aliyeuza ploti kwa miaka kumi na sita kabla ya kwenda semina ya blockchain na kurudi amebadilika kama mtu aliyeokoka. Alimweleza kila aliyesimama naye kwamba hilo ni daftari lenye nakala katika maelfu ya kompyuta duniani, na kwamba likishaandikwa halifutiki. Humo ndimo alimotaka kuweka mikataba ya kuuza mashamba. Mikataba hiyo haikuhitaji wakili wala kalamu. Masharti yakitimia, mkataba unajitekeleza wenyewe, ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma wala waya inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Mikataba hiyo aliiandika Ouma. Kazi ya Muthoki ilikuwa kuijaribu kwanza katika mashine pepe ya majaribio, sanduku lililofungwa pande zote ambamo kitu kikiharibika hakimdhuru mtu.

Mteja wao wa kwanza alikuwa ranchi moja ya zamani upande wa Kajiado, iliyogawiwa wanachama wake. Mkataba wake ulikuwa na masharti matatu: muuzaji awepo, ramani ilingane na bikoni, yaani vigingi vya mpaka vilivyo ardhini, na mke wa muuzaji akubali. Hilo la tatu lilikuwa desturi ya ranchi. Kila Alhamisi wazee wa kamati hukaa ukumbini, na mume anayetaka kuuza shamba huja na mke wake, mke akasimama mbele ya watu akaulizwa. Katika majaribio hakuna mke, kwa hiyo Muthoki alikuwa ameandika mke wa kushikilia nafasi. Alikuwa mistari minne tu ya maandishi ya kompyuta. Kila akiulizwa, hujibu amekubali. Wajaribu wote hufanya hivyo, na Muthoki hakuona sababu ya kujifanya tofauti.

Kitambulisho cha mwanamke kilikuwa na sufuri nane. Hakula, hakwenda msalani. Na kwa kuwa kila jaribio huanza upya kana kwamba lililotangulia halikuwako, kila Muthoki alipobonyeza kitufe mwanamke alirudi kwenye benchi hata kama alikuwa amesimama dirishani, na kikombe chake kikajaa tena chai ya moto. Kufikia adhuhuri Ouma alikuwa amekunywa vikombe sita kutoka kile kimoja. Lalamiko lake lilikuwa kwamba sukari ilizidi.

Ngigi alipopanda ngazi saa nane, alimzunguka mwanamke mara mbili.

"Huyu anasema tu hivyo?"

"Ndiyo, boss. Nilimwandika hivyo," Muthoki akajibu.

"Hata ukimuuliza nini?" Akainama. "Mama, wewe ni bibi ya nani?"

"Nimekubali."

Ngigi akavuta kiti akaketi, na uso wake ukawa na amani ambayo Muthoki hakuwahi kuiona siku za kazi.

Amani hiyo ilikuwa na sababu yake. Kule ukumbini, waume wasiotaka wake zao wajue habari za shamba walikuwa na mazoea ya kuazima mke sokoni. Mama mmoja muuza nyanya za Kimana alikuwa ameshakuwa mke wa wanaume kumi na mmoja, na mwenyekiti, Mzee Parmuat, alimwamkua kwa jina jipya kila wiki bila kukosea hata mara moja. Ila mama huyo alikuwa na nyanya zake za kuuza, na mara nyingine wanaume walikaa ukumbini mchana kutwa wakimngoja amalize wateja. Mke wa majaribio hakuwa na la kumchelewesha. Alhamisi ile Ngigi alimpeleka Kajiado pamoja na Muthoki na kompyuta, na kabla ya chakula cha mchana mwanamke alikuwa mke wa wanaume wanne. Mzee Parmuat alisoma kitambulisho, akasema namba yake haisahauliki, akakirudisha kwa mikono miwili.

Kila mkataba ulipojitekeleza, bikoni za shamba zilijing'oa ardhini na kutembea hadi kwenye mipaka mipya. Zile zilizolazimika kuvuka barabara ya Namanga zilisubiri magari yapungue. Madereva wengi walisimama ili zipite, na mmoja tu ndiye aliyepiga honi.

Jumatatu iliyofuata Ngigi alileta orodha mpya. Jina la tatu lilikuwa Katoo, ekari sita.

Muthoki alilisoma mara mbili. Mke wa Katoo hakuwa wa kuandikwa. Alikuwa Dinah, aliyemletea maziwa kila asubuhi kwa miaka minne. Ekari hizo sita ndizo zilizokuwa na nyumba ya Dinah, zizi la ng'ombe wake watano, na kidimbwi alichokichimba kwa jembe yeye na dada zake mwaka wa ukame, Katoo alipokuwa mjini Embulbul akifuata mambo yake. Hakuwa na pengine pa kwenda.

Asubuhi yake Muthoki alimngoja mlangoni.

"Takwenya, yeyo," akamwamkua kwa Kimaasai, kama mtu anavyomwamkua mama yake.

"Iko," Dinah akaitikia, akaanza kupima maziwa. "Leo ni lita mbili?"

"Yeyo, unajua Katoo anauza shamba?"

Dinah hakumwaga hata tone. Alimaliza kupima, akafunika mtungi, ndipo akajibu.

"Hawezi. Ni lazima mimi nikubali, na mimi sikubali. Hiyo ni sheria ya ranchi, inajulikana."

"Kuna bibi mwingine atakubali."

"Ameoa?"

"Hapana. Ni mimi nilimwandika."

Dinah alimtazama msichana huyu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchagulia maziwa ya ng'ombe mweupe kwa sababu hayakatiki upesi. Hakumtukana, na Muthoki angefurahi zaidi kama angemtukana.

"Basi mwandike vizuri," akasema, akaondoka na mitungi yake.

Ofisini Muthoki alimuuliza Ouma mkataba hufanya nini mke akikataa. Ouma akafungua kazi yake akaipitia kutoka juu hadi chini.

"Unamuuliza tena," akasema.

"Na akikataa tena?"

"Unamuuliza tena. Niliandika isubiri mpaka akubali. Si wewe ndiye ulijaribu? Majaribio mia na mbili, yote yamewaka kijani, yamefaulu."

Ni kweli. Muthoki alikuwa amejaribu mke akikubali mapema, mke akikubali akiwa amechelewa, mke akikubali mara mbili kwa bahati mbaya, hata mke akikubali wakati stima imepotea. Mke akikataa hakumjaribu, kwa sababu hakuna aliyemwagiza, na kusema kweli hata yeye wazo hilo halikumjia. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa yake, hakuwa na mtu wa kumsukumia.

"Badilisha mkataba, Ouma."

"Uko kwenye blockchain tangu wiki iliyopita. Hata mimi siwezi kuugusa. Kile unaweza kubadilisha ni bibi."

Basi Muthoki akambadilisha mke. Alifuta neno moja akaandika jingine, akabonyeza kitufe, na mwanamke aliyekuwa kwenye benchi akainua kichwa kidogo. Muthoki akamuuliza kama anakubali.

"Sijakubali," akasema. Sauti ilikuwa ile ile.

Kanuni ya ukumbi ilikuwa kwamba shamba lisilopata idhini kabla ya saa kumi na moja jioni haliletwi tena mpaka mwaka upite. Mwaka ni mrefu. Katika mwaka Dinah angeweza kupata wakili, au Katoo angeweza kupata akili. Hilo ndilo tumaini Muthoki alilopanda nalo gari la Ngigi Alhamisi, mke wa majaribio akiwa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda.

Katoo aliitwa saa tano. Alisimama akiwa amevaa koti jipya. Muuzaji yupo, ramani inalingana. Mkataba ukamuuliza mke.

"Sijakubali."

Ukamuuliza tena, kupitia spika ndogo aliyoweka Ngigi ili wazee wa nyuma wasikie.

"Sijakubali."

Hapo Dinah akaingia kutoka nje, shuka lake jekundu limejaa vumbi la njia, akasimama katikati ya ukumbi.

"Mimi ndiyo bibi ya Katoo," akasema, "na mimi sikubali."

Mzee Parmuat alimwelekeza kiti kwa fimbo yake, kwa heshima.

"Mama, keti kidogo. Bibi bado anaulizwa."

Dinah hakuketi. "Katoo, niangalie." Katoo alikuwa ameona kitu kwenye kifungo cha koti, akakishughulikia. Wanawake wawili wakasimama pale, mmoja akisema hakubali kila sekunde tatu, mwingine akisema hakubali kila alipopata pumzi. Mkataba uliuliza na kuuliza. Saa saba wazee walikula mandazi. Saa nane mmoja wao alilala, akaamka, akauliza wamefika wapi, akaambiwa bado. Sauti ya Dinah ilianza kukwaruza saa tisa, lakini hakuacha. Muthoki alihesabu dakika kwa simu yake, na ilipofika kumi na nusu akaanza kuamini.

Saa kumi na dakika arobaini Ngigi alitoka nje, akampigia Ouma.

"Rudisha huyo bibi vile alikuwa wiki iliyopita," akamwambia. "Yote. Anza mwanzo."

Ouma alikuwa na nakala ya wiki iliyopita, kwa maana yeye ni mfanyakazi mwangalifu na huhifadhi kila kitu. Muthoki, aliyemsikia Ngigi kupitia dirishani, alimpigia Ouma mara tatu akakuta laini inatumika. Mwanamke akatoweka mbele ya kamati, na kule Kitengela akaonekana kwenye benchi na kikombe chake kimejaa. Simu ya ofisi ikawekwa mdomoni pake, na spika ya ukumbini ikamleta.

"Nimekubali."

Mkataba ukajitekeleza. Katibu wa kamati akaandika kumbukumbu na kuzisoma kwa sauti, kama ilivyo kawaida: kwamba muuzaji alikuwepo, kwamba ramani ililingana, kwamba mke alikubali baada ya kutafakari, na kwamba mama mwingine kutoka nje pia alisalimia mkutano. Wakapiga makofi mawili ya kufunga. Katoo alipita mlango wa nyuma.

Ijumaa asubuhi Dinah alichelewa kwa dakika ishirini kwa sababu bikoni zilikuwa zimekaa njiani na ilibidi azunguke. Alipima lita mbili. Sauti yake ilikuwa haijarudi, na Muthoki alilazimika kumsogelea ili amsikie.

"Nimeambiwa kama niko na malalamiko nilete barua. Ati watasoma."

"Nitakuandikia, yeyo. Sasa hivi."

"Lakini lazima isainiwe na bibi ya Katoo."

Walikwenda ofisini, wakapanda ngazi pamoja. Muthoki aliandika barua nzuri, ndefu, akiweka kila kitu: nyumba, zizi, kidimbwi, dada zake, mwaka wa ukame. Dinah aliipeleka kwenye benchi mwenyewe. Alimwamkua mwanamke kama anavyomwamkua mwanamke yeyote, akamwonyesha mahali pa kuweka kidole, akamuuliza kama atamsaidia.

"Nimekubali," akasema mwanamke, akaweka kidole gumba palepale alipoonyeshwa. Kisha, kwa kuwa palikuwa na nafasi chini yake, akaliandika pia neno hilo kwa mwandiko wa kusomeka vizuri.

Barua ilifika Kajiado kabla ya adhuhuri. Katibu aliipokea, akaisoma kuanzia chini ambako pana sahihi, akaitia kwenye faili la Katoo nyuma ya ramani mpya. Juu yake aliandika kwamba mke amethibitisha, na kwamba suala limefungwa.

Jumamosi Muthoki alikwenda kusaidia kuhama. Dinah na dada zake walikuwa wameshaanza kung'oa mabati, wakianza na ya jikoni kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa mapya. Dinah alimpa Muthoki nyundo, akamwonyesha misumari ambayo bado inafaa kunyooshwa.