Maua ya Dhahabu Kaburini Vugiri

Jabiri Hussein, mpiga picha za video wa Handeni, hakuwa na cheti, hakuwa na duka lenye kibao, hakuwa na msaidizi wa kukaa kwenye miksa ya video, mashine ya kuchagua picha za kamera, wakati yeye ameshika kamera, na hakuwa na mke, kwa kuwa Agripina wa Vugiri, ambaye yeye alimposa, alimkataa kwa sababu ya dini.

Pengo la msaidizi aliliziba kwa akili. Aliandika skripti, yaani maagizo ambayo miksa huyafuata yenyewe: sauti ikizidi upande wa meza kuu, ionyeshe picha ya kamera ya huko; mtu akishika kipaza sauti, jina lake litokee chini ya picha. Agizo alilojivunia kuliko yote lilikuwa la vigelegele. Sauti nyembamba ya mwanamke ikipanda na kukaa juu, maua ya dhahabu yamwagike kwenye kioo chote na neno HONGERA liwake katikati. Harusini Handeni na Korogwe akina mama walipiga vigelegele makusudi ili wayaone maua hayo.

Kisha Agripina akafa ghafla. Kaka yake, Dunstan, alikuwa kazini Maskati na hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Mama yao, Yasinta, akampigia Jabiri simu.

"Mwanangu, yaliyopita nayajua. Lakini kaka mtu atazikaje asipoona? Njoo umrushie mtandaoni."

Kabla ya kupanda Vugiri, Jabiri aliipitia skripti. Alifuta majina, akafuta muziki. Agizo la vigelegele aliliona, akaliacha. Kwao, Waislamu, jeneza husindikizwa na wanaume, wanawake hubaki nyumbani, na katika mazishi yote aliyowahi kurekodi hakusikia sauti ya mwanamke makaburini. Hakuwaza kwamba kwa akina Agripina mama husimama ukingoni na kutupa udongo kwa mkono wake.

Yasinta alitupa udongo. Kisha akapiga yowe. Lilikuwa jembamba, likapanda, likakaa juu. Miksa haikutofautisha yowe na kigelegele. Ilimleta kiooni mama yule akianguka magotini, ikammwagia maua ya dhahabu, ikaandika HONGERA.

Jabiri alikuwa nyuma ya kamera, hakuona. Alijua tu watu walipoanza kutazama simu zao na kumgeukia. Alikimbia akachomoa waya, lakini Dunstan alikuwa amekwisha kuona, na wengine walikuwa wamekwisha kuihifadhi ile picha na kuisambaza.

Korogwe mjini, mpiga picha mwenzake, Mhina, alimpokea kwa kicheko. "Fundi Hongera! Bibi yangu anaumwa, nikuwekee oda kabisa?"

Lakini kilichomkaa Jabiri rohoni ni ujumbe ambao Dunstan alimwandikia mama yake: "Umemleta mwanamume aliyekataliwa aje kumcheka dada yangu. Mmemcheka pamoja." Baada ya hapo aliwafungia wote wawili simu, wasimpate tena.

Jabiri alipanda tena Vugiri, na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Umeleta nini?"

"Skripti. Nimeichapa, nataka kumpelekea Dunstan kwa posta. Aone kwamba ni mashine, si mimi."

Yasinta aliigeuza ile karatasi juu chini. "Kama kuku amechakura. Mwanangu anaendesha kijiko cha kuchotea mchanga, Jabiri, haendeshi kompyuta."

"Nimeandika maelezo pembeni, kwa Kiswahili."

"Hata akiyaelewa. Ataniuliza, mama, kati ya watu wote wa Korogwe, kwa nini umemwita huyo? Na mimi nilikuita. Pembeni hapa umeandika nini juu ya hilo?"

Jabiri aliikunja ile karatasi.

"Andika kwamba ulifanya kusudi," alisema Yasinta. "Andika kwamba sikukuita. Akichukia mtu mmoja, inatosha."

"Mama! Nikiandika hivyo, nani ataniita tena kwenye harusi?"

"Hakuna." Hakupepesa macho. "Wala sitasimama kukutetea. Nikikutetea, atasikia."

"Lakini wewe unajua sikufanya."

"Najua."

"Na hiyo inatosha?"

"Haitoshi. Nilizaa wawili, mwanangu. Mmoja uliona nilipomweka."

Kuku aliingia, Yasinta akamfukuza kwa mguu bila kumtazama. Mwishowe Jabiri akaomba kalamu.

Aliandika: "Ndugu Dunstan, mama yako alikuwa amepatana na mpiga picha mwingine. Mimi nilimwambia huyo kwamba kazi imeahirishwa, nikaja badala yake, na mama yako katika msiba wake hakuwa na nguvu ya kunifukuza. Maua niliyaweka kwa mkono wangu, kwa sababu dada yako alinikataa. Mama yako hakujua lolote. Mpigie simu." Akaandika jina lake lote, na la baba yake.

Yasinta alimtaka aisome kwa sauti mara mbili. Mara ya pili alifunika uso kwa khanga. Hakusema asante. Alimpa anwani ya tajiri wa Dunstan.

Katika posta ya Korogwe, karani alimtambua, akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. Jabiri alijifanya hajaona. Alipaka gundi kwenye ukingo wa bahasha, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika, akaipitisha chini ya dirisha. Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko wa barua za nje.