Wajukuu wa Waliokimbia

Prof Bagalwa alikuwa na sentensi moja aliyoitamka kama padri anayebariki waumini: "Wale waliosimama kuuliza, hawana wajukuu."

Alifundisha biolojia katika shule ya bweni ya wasichana mtaani Murara, mjini Goma. Siku hiyo alieleza kwamba hapo kale, kundi la watu likila matunda porini, mmoja akishtuka na kutimua mbio, waliomfuata bila swali waliishi, hata kama mara tisa kati ya kumi ulikuwa upepo tu. Waliobaki nyuma kutafuta ushahidi, chui aliwapa.

Bénie akainua mkono kwa heshima zote. "Prof, nikikimbia sasa hivi, hata weye utanifuata?"

"Mimi niko na diplome, mutoto. Lakini jaribu uone."

Hayo ni maneno ambayo mtu mzima hakupaswa kumwambia Bénie. Bénie ndiye aliyewasadikisha wanafunzi wapya kwamba mpishi ni dada wa askofu, nao wakampigia magoti wiki nzima, na mpishi hakuwakataza.

Shule nzima ilikuwa shamba lake la mzaha, isipokuwa mtu mmoja. Uwingabire, aliyelala kitanda cha chini yake, alitoka Bunagana, na kabla ya kutimiza miaka kumi na sita alikuwa amekimbia vita mara tatu. Miezi miwili ya kwanza hakusema na mtu. Alipofungua kinywa, alimfungulia Bénie, na jambo la kwanza aliloomba lilikuwa hili: "Uchezee wote. Mimi hapana." Bénie aliapa kwa jina la mama yake, na kiapo hicho hakukifanyia mzaha hata siku moja.

Kwa hiyo, ili kujaribu maneno ya Prof, alichagua Jumamosi alasiri, saa ambayo Uwingabire huwa kwa shangazi yake mtaani Majengo. Joviale, rafiki yao wa darasani, alikuwa amebisha: "Sisi si swala, weye! Hakuna atakayekufuata." Wakawekeana dau la sahani ya maharagwe.

Wasichana walikuwa uani wakifua. Bénie aliachia ndoo, akakodoa macho kuelekea nyuma ya bweni, kisha akatimua mbio. Hakupiga kelele, hakutaka kusema uongo. Hatua ya kumi, watano walikuwa nyuma yake. Hatua ya ishirini, uwanja mzima. Papa Habiyaremye, mlinzi wa lango, alilifungua lango kwa wajibu na kuwa mtu wa kwanza kutoka. Barabarani mama wauza mikate wakaacha mabeseni, wenye pikipiki wakageuza. Mmoja akalia "Volkano!" Mwingine akalia "Vita!" Sasa, Goma kila balaa lina njia yake. Wa volkano wakaelekea mji jirani wa Sake, wa vita wakaelekea mpakani, na makundi hayo mawili yakavaana njiapanda. Watu wakaangukia mawe meusi ya lava, magoti yakachanika, mtoto akawa analia jina la mama yake.

Bénie, aliyekuwa ameegemea ukuta akicheka, akaacha kucheka.

Joviale alimfikia akihema. "Umeshinda. Maharagwe yako utakula. Lakini Uwingabire alirudi mapema, shangazi yake hayuko. Nilimuona kwenye dirisha ya bweni pale ulipoanza."

Bénie aliwatazama watu njiapanda, uso kwa uso, kisha akakimbia kuelekea Sake akiita jina. Akageuka, akakimbia kuelekea mpakani. Kila aliyemuuliza alitikisa kichwa. Mtu aliyekwisha kukimbia mara tatu, alifikiri, hawezi kusimama karibu. Huenda ameshapita Majengo. Huenda hatarudi tena.

Hakubaki na pa kutafuta ila shuleni kwenyewe.

Uwingabire alikuwa mlangoni mwa bweni, peke yake. Begani alikuwa na vifurushi viwili vilivyofungwa kwa vitenge, vimekazwa vizuri, kazi ya mikono iliyozoea. Kimoja kilikuwa chake. Katika kile kingine Bénie aliona ukingo wa blanketi lake, daftari zake, na picha ya mama yake.

"Ulikuwa wapi?" Uwingabire akauliza. "Nimekutafuta hata chini ya vitanda. Twende. Tunakimbia nini?"

Chui wa Prof Bagalwa hakuwahi kukutana na mtu wa namna hii.

"Hatukimbii kitu," Bénie akasema. "Ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Ni mimi nilianza kukimbia. Bure tu. Nilikuwa nabishana na Joviale."

Uwingabire alivishusha vifurushi taratibu, kimoja, kisha kingine. "Sawa," akasema. Ndipo miguu yake ikaanza kutetemeka. Akaitazama kama miguu ya mtu mwingine.

Bénie akanyoosha mkono.

"Usinishike. Mimi nimesikia. Miguu ndiyo bado."

Bénie akaketi sakafuni, mbali kidogo naye. Utani wote aliowahi kuujua ulimpita kichwani, na hakuona hata mmoja wa kuusema. Nje Mama Ernestine, msimamizi wa bweni, alikuwa akiita jina lake kwa sauti ambayo kwa kawaida ilimfanya Bénie atafute dirisha la kutorokea.

"Niko huku, mama!" akaitika, ili ajue pa kumkuta. Akabaki pale pale, akingoja miguu ya rafiki yake isadiki.